Wimbo Mmoja, Rekodi Mbili: Uhakiki wa Santuri ya Pink Floyd na Haja ya Istilahi za Muziki Uliorekodiwa

Katika kazi ya kuunda istilahi ni desturi kuanza na orodha ya maneno ya kigeni, kisha kulitafutia kila neno mwenzake wa Kiswahili. Njia hii ina faida zake, lakini ina upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba huyachukua maneno yakiwa yametengwa na vitu vinavyotajwa. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanachukua kitu kimoja, yanakikagua sehemu kwa sehemu, na kuuliza Kiswahili kina maneno gani ya kukieleza bila kumpotosha msomaji. Kitu chenyewe ni santuri iitwayo A Collection of Great Dance Songs, iliyotolewa na bendi ya Uingereza ya Pink Floyd mwezi wa Novemba, 1981.

Huenda msomaji akashangaa kuona santuri ya Waingereza ikijadiliwa katika kurasa hizi. Sababu ni kwamba santuri hii, yenye tungo sita tu, imekusanya karibu kila jambo linaloweza kutendewa muziki wa zamani. Umo utungo uliohamishwa kama ulivyokuwa, umo uliokatwa, umo uliounganishwa kutoka sehemu mbili, na umo uliorekodiwa upya tangu mwanzo hadi mwisho. Mfasiri atakayeweza kuieleza santuri hii kwa Kiswahili sahihi ataweza pia kuuandika vizuri mkataba wa mwanamuziki wa Dar es Salaam au Mombasa. Atakayeshindwa kuieleza, ndiye atakayemwandikia mwanamuziki huyo mkataba usiojulikana unauza nini.

Bendi na aina ya muziki wake

Pink Floyd ilianza mjini London mwaka 1965. Kiongozi wake wa kwanza, Syd Barrett, aliondoka mwaka 1968 kwa sababu ya maradhi ya akili, na nafasi yake ikashikwa na mpiga gita David Gilmour. Hapo bendi ikawa na watu wanne: Gilmour, Roger Waters, Richard Wright na Nick Mason. Katika miaka ya sabini walitoa albamu zilizowapa sifa duniani kote, nazo ni Meddle (1971), The Dark Side of the Moon (1973), Wish You Were Here (1975), Animals (1977) na The Wall (1979).

Muziki wao huhesabiwa katika tawi la roki linalopenda tungo ndefu, mapigo yasiyo ya kawaida na albamu iliyopangwa kama kitabu chenye sura. Tawi hili halina jina lililotulia katika Kiswahili. Wako waliojaribu kusema “roki ya kimaendeleo”, lakini neno hilo humpeleka msomaji kwenye visima, zahanati na mipango ya miaka mitano. Wako wanaosema “roki endelevu”, nalo siku hizi limeshikwa na wanaohifadhi misitu na vyanzo vya maji. Kwa maoni yangu, “roki changamano” ndilo jina linalofaa, kwani halidai kwamba muziki huu umeutangulia mwingine katika safari yoyote. Linasema tu jinsi ulivyoundwa.

Jina la santuri

Mhakiki wa istilahi hana budi kuanza na jina, na jina la santuri hii lina madai manne: kwamba ni mkusanyo, kwamba kilichokusanywa ni kikubwa, kwamba ni cha kuchezwa, na kwamba ni nyimbo. Tuyapime moja moja.

Kwanza, mkusanyo. Watafsiri wengi huandika “mkusanyiko”, na kosa hili limeenea hata katika nyaraka rasmi. Kukusanyika ni jambo wanalofanya watu wenyewe; mkusanyiko ni wa watu uwanjani au wa maji bondeni. Kukusanya ni tendo lenye mtendaji aliyechagua, na zao lake ni mkusanyo. Tofauti hii ya viambishi ni ya maana sana hapa, kwa kuwa tungo hizi sita hazikukusanyika zenyewe. Kuna aliyezichagua, na kuna aliyeziacha nyingine. Neno “mkusanyo” hutulazimisha kuuliza ni nani huyo na alikuwa na nia gani, ilhali “mkusanyiko” humficha.

Pili, ukubwa. Kiswahili kina neno zuri la muziki wa zamani uliodumu katika masikio ya watu, nalo ni “zilipendwa”. Neno hili halikutoka katika kamati yoyote. Lilitoka katika redio na kumbi za dansi. Halidai kwamba nyimbo ni kubwa. Linashuhudia tu kwamba zilipendwa, na kauli yake ya kutendwa inaelekeza kwa wasikilizaji. Hata hivyo, lisingefaa kuwa tafsiri ya jina la santuri hii. Utungo mmoja ulikuwa umetoka miaka miwili tu kabla, na waliochagua hawakuwa wasikilizaji. “Zilipendwa” sharti libaki mikononi mwa wale waliopenda.

Tatu, kucheza. Mfasiri akiandika “nyimbo za dansi”, msomaji wetu atafikiria mara moja muziki wa NUTA Jazz, Western Jazz au Mlimani Park, wenye magita yanayojibizana na tarumbeta zinazoamsha ukumbi. Humu hamna kitu cha namna hiyo. Jina lilitolewa kwa mzaha, kwa kuwa bendi hii haikujulikana kwa kuchezesha watu. Utungo uitwao Money, mathalan, una mapigo saba badala ya manne, na anayejaribu kuucheza kwa hatua za kawaida atajikuta mguu mmoja uko hewani kila mzunguko unapoanza upya. Ni Another Brick in the Wall peke yake wenye mdundo wa disko, nao ulitiwa kwa ushauri wa Bob Ezrin, mmoja wa watayarishaji wa The Wall. Picha ya jalada, iliyotengenezwa na wasanii wa Hipgnosis, inausema mzaha huu waziwazi: mwanamume na mwanamke waliovalia mavazi ya dansi wamesimama uwanjani katika mkao wa kucheza, lakini wamefungwa kwa kamba zilizochomekwa ardhini kama kamba za hema. Mfasiri asiyeutazama mzaha huu ataandika tafsiri isiyo na kosa la sarufi, lakini yenye uongo ndani yake.

Nne, nyimbo. Utungo wa kwanza, One of These Days, ni wa ala karibu mtupu. Magita mawili ya besi yanapigwa kwa mwangwi, na sauti ya mtu husikika mara moja tu, ikiwa imegeuzwa kwa mitambo. Je, huu ni wimbo? Katika Kiswahili wimbo hutokana na kuimba, na pasipoimbwa hapana wimbo. Ndiyo maana katika makala haya ninatumia neno “utungo” kwa kazi yoyote ya muziki, na “wimbo” pale tu panapokuwa na uimbaji.

Waliyotendewa tungo sita

Sasa tuingie ndani ya santuri. One of These Days, Sheep na Wish You Were Here zimeletwa zikiwa rekodi zile zile za 1971, 1977 na 1975. Kilichobadilika ni majirani zake. Jambo hili si dogo kwa bendi iliyokuwa ikipanga albamu kama sura za kitabu. Sheep katika Animals huja baada ya mbwa na nguruwe, na maana yake hutegemea wanyama hao wawili. Hapa kondoo amebaki malishoni peke yake, na msikilizaji mgeni hawezi kujua kwamba anasikia hatima ya kisa chenye sehemu tatu.

Shine On You Crazy Diamond ulitendewa zaidi. Katika albamu ya 1975 utungo huu, unaomkumbuka Syd Barrett, una sehemu tisa zilizogawanywa mafungu mawili. Fungu moja hufungua albamu na jingine huifunga, na yote pamoja huchukua kama dakika 26. Katika mkusanyo huu, vipande vilivyochaguliwa vimeunganishwa kuwa utungo mmoja usiofika dakika 11. Kazi ya kuunganisha imefanywa kwa ustadi, na sikio halioni mshono. Lakini hasara ni kubwa. Katika rekodi ya awali msikilizaji hungojea zaidi ya dakika nane kabla ya kusikia sauti ya mwimbaji, na kungojea huko ndiko kunakomfanya aonje kutokuwapo kwa yule anayekumbukwa. Aliyekata muda huo amekata sehemu ya maana, wala hakukata mapambo.

Another Brick in the Wall nao ni wa kuunganishwa: unaanza kama ulivyoanza katika santuri ndogo ya 1979 na kumalizika kama unavyomalizika katika The Wall. Hapa kazi ya mhariri imefaa. Utungo uliokuwa umefungwa katikati ya kisa kirefu umepewa mlango wa kuingilia, na unasimama wenyewe bila kuchechemea.

Money: fedha katika wimbo wa fedha

Utungo unaotuhusu zaidi ni Money. Ulitoka mara ya kwanza mwaka 1973 katika The Dark Side of the Moon, na nchini Marekani haki ya rekodi hiyo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Capitol. Baadaye bendi ilihamia kampuni ya Columbia kwa soko la Marekani. Columbia ilipoandaa mkusanyo huu, Capitol ilikataa kuiachia rekodi ya Money. Basi Gilmour aliingia studio akaurekodi wimbo upya. Aliimba, akapiga gita, besi, kinanda na ngoma yeye mwenyewe, huku Dick Parry, aliyepuliza saksafoni mwaka 1973, akirudi kupuliza tena. Gilmour alisaidiwa katika utayarishaji na James Guthrie. Waters, Mason na Wright, waliopiga katika rekodi ya kwanza, hawamo katika hii, ingawa santuri ina jina la bendi nzima.

Tunauhukumuje wimbo huu wa pili? Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini hapa hata unyemi ni haba. Sauti ya Gilmour ni ile ile na gita lake halina lawama. Parry hakunakili alichokipuliza zamani, naye anastahili sifa kwa hilo. Upungufu uko chini, kwenye ngoma na besi. Mwaka 1973 mapigo saba yalibebwa na watu waliokuwa wakisikilizana, na Mason alikuwa akichelewa kidogo hapa na kuwahi kidogo pale, hata mwendo wa wimbo ukayumba kama mtu anayehesabu noti huku akitazama nyuma. Mwaka 1981 mtu mmoja alipiga vyote kwa zamu, na kila kitu kimekaa mahali pake kama viti katika chumba cha mkutano ambao haujaanza. Mtu anaweza kuusikiliza mara mbili bila kugundua kosa lolote, na mara ya tatu asiwe na sababu ya kuusikiliza.

Katika orodha ya santuri, hata hivyo, jina ni lile lile, Money, na mtunzi ni yule yule, Roger Waters. Hapo ndipo lugha inapoingia.

Neno “wimbo” linabeba mizigo mitatu

Mtu akituambia kwa Kiswahili kwamba Capitol ilikataa kuutoa wimbo lakini Columbia ikautoa wimbo huo huo, tutadhani amechanganyikiwa. Lakini amesema kweli. Tatizo ni kwamba neno “wimbo” limetumika kwa vitu viwili, na kipo cha tatu nyuma yake. Kuna utungo, yaani maneno na sauti alizozibuni Waters. Kuna utendaji, yaani kazi ya walioimba na kupiga siku fulani. Na kuna rekodi, yaani sauti za siku hiyo zilizohifadhiwa katika tepu, ambazo zina mwenyewe. Capitol ilikuwa na uwezo juu ya rekodi ya 1973. Haikuwa na uwezo wa kuizuia bendi kuupiga utungo wake mara nyingine.

Sheria zetu zinaitambua tofauti hii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatenga haki ya mtunzi, ambayo ni hakimiliki, na haki za watendaji, watayarishaji wa rekodi na watangazaji, ambazo ni hakishiriki. Istilahi hizi mbili zimeundwa vizuri. Lakini sheria inapotoka katika kabati la ofisi na kwenda kwa watu, hukutana na neno “wimbo”, na tofauti yote huyeyuka. Mwanamuziki husema, “Nimeuza wimbo wangu.” Ameuza nini? Kama ameuza rekodi moja, bado anaweza kuuimba utungo wake jukwaani na kuurekodi mahali pengine, ila mkataba uwe umemzuia. Kama ameuza utungo, huenda akahitaji ruhusa ya mtu mwingine ili arekodi maneno yaliyotoka kichwani mwake. Sentensi ni moja, na mlo wa watoto wake unategemea tafsiri yake.

Mfano mwingine umo katika santuri hii hii. Katika Another Brick in the Wall tunasikia sauti za wanafunzi wa Islington Green, shule ya London. Shule ililipwa pauni 1,000. Watoto wenyewe hawakuwa watunzi wala wenye rekodi, na kwa lugha ya kawaida ungeweza kusema kwamba wimbo haukuwa wao. Lakini sheria ya Uingereza ilipobadilishwa mwaka 1996, watendaji walipewa haki ya kulipwa rekodi zao zinapotangazwa, na mwaka 2004 baadhi ya waliokuwa wanafunzi wale wakajitokeza kudai sehemu yao. Ili kulieleza dai lao kwa Kiswahili, hatuna budi kuwa na neno la utendaji lililo mbali na utungo na mbali na rekodi. Tukisema tu “wimbo”, dai lao halisemeki.

Nyumbani jambo hili halitusubiri. Bendi nyingi za dansi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam katika miaka ya sabini na themanini, na wanamuziki kadhaa wa enzi hiyo wamewahi kurudi studio kuzirekodi upya zilipendwa zao. Mtangazaji anapoupiga wimbo, anapiga rekodi ipi? Anayestahili kulipwa ni mpiga tarumbeta wa wakati ule, au ni yule aliyekaa mahali pake baadaye? Fomu yenye safu moja tu iliyoandikwa “Jina la wimbo” haiwezi kulijibu swali hilo.

Neno “marudio”, ambalo baadhi ya waandishi hulitumia kwa wimbo uliorekodiwa upya, halitusaidii. Katika redio marudio ni kipindi kile kile kinachotangazwa kwa mara ya pili, bila sauti hata moja kubadilika. Kuliita tendo la Gilmour marudio ni kusema kinyume cha alichofanya. “Nakala” nayo haifai, maana nakala hutolewa kwa kitu kilichopo, na Gilmour alilazimika kuimba tena kwa sababu alinyimwa kitu chenyewe.

Mapendekezo

Kutokana na ukaguzi huu, napendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe na watafsiri, walimu na maofisa wanaohusika:

(a) Utungo: kazi ya muziki kama ilivyobuniwa na mtunzi, iwe na maneno au isiwe nayo. Wimbo utumike kwa utungo unaoimbwa.

(b) Utendaji: kuimba au kupiga utungo kwa wakati fulani. Mwenye kufanya hivyo ni mtendaji.

(c) Rekodi: sauti za utendaji zilizohifadhiwa. Kila rekodi itajwe pamoja na mwaka wake.

(d) Albamu: kazi nzima yenye tungo zilizopangwa pamoja. Santuri, kaseti na sidii ni vyombo vinavyoibeba.

(e) Mkusanyo: albamu iliyoundwa hasa kwa rekodi zilizokwisha kutolewa.

(f) Chapa mpya: rekodi ile ile inayotolewa tena. Hapa tunafuata wachapaji vitabu, ambao kwao chapa ya pili haina maneno mapya.

(g) Rekodi iliyohaririwa: rekodi iliyokatwa au kuunganishwa, kama Shine On You Crazy Diamond ya 1981.

(h) Rekodi mpya: utungo wa zamani uliotendwa na kuhifadhiwa upya, kama Money ya 1981.

Watapinga baadhi ya wasomaji kwamba watu wa kawaida wataendelea kusema “wimbo” kwa yote haya. Ni kweli, na hakuna ubaya. Istilahi haikusudiwi kulifukuza neno la watu barazani. Inakusudiwa kulisaidia pale linapoelemewa, yaani katika mkataba, fomu, hukumu na kitabu cha darasani. Mwalimu wa sanaa anaweza kuanza kwa kuwasikilizisha wanafunzi rekodi mbili za wimbo mmoja na kuwataka waeleze kilichobadilika na kisichobadilika. Ofisa anayeandaa fomu anaweza kuigawa ile safu moja kuwa nne: utungo na mtunzi wake, watendaji, mwenye rekodi, mwaka wa rekodi.

Kuhusu santuri yenyewe, hukumu yangu ni kwamba ni mkusanyo dhaifu wa muziki wenye nguvu. Anayetaka kuijua Pink Floyd na aende kwenye albamu tano zilizotajwa hapo juu. Anayetaka kujua jinsi kampuni, mhariri na mtendaji wanavyoweza kuugawana wimbo mmoja mpaka kila mmoja akabaki na kipande chake, hatapata kielelezo bora kuliko hiki. Nasi tukishakuwa na maneno ya kuvitaja vipande hivyo, mwanamuziki wetu ataweza kusoma mkataba kwa lugha yake na kujua, kabla ya kutia sahihi, ni kipande kipi anachokitoa na ni kipi kinachobaki kuwa chake.